Ukungu Kwenye Dirisha la Mama Ngapoko

Kila asubuhi, kabla ya kahawa na kabla ya kumwambia mtu neno lolote, Mama Ngapoko alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni na kutunga uzi kwenye sindano. Uzi mweusi, sindano namba tisa, ile nyembamba. Si kwamba alikuwa na cha kushona saa hiyo. Alitunga tu, akavuta uzi, akapiga fundo, kisha akaichomeka sindano kwenye gauni lake upande wa kifua, ikakaa hapo mpaka jioni. Akishamaliza ndipo anasema, "Haya, kumekucha," hata kama jua lilishapanda zamani na jirani yake alishalisha nguruwe.

Tabia hiyo aliianza miaka mitatu nyuma, alipowekewa kioo. Mama Ngapoko alikuwa na jicho moja tu. La kushoto lilichomwa na mwiba wa mchungwa akiwa na miaka tisa, likafa hapo hapo. La kulia lilimtosha kwa maisha yote mpaka mtoto wa jicho alipolifunika, na kwa muda wa miaka miwili akawa anatungiwa uzi na watu wengine. Hilo lilimuuma kuliko kuongozwa njiani. Kisha madaktari wa macho wakaja kisiwani kwao, Atiu, kwa ndege ndogo kutoka Nyuzilandi, wakakaa siku tano, wakamtoa ule utando na kumwekea kioo kidogo ndani ya jicho. Walipomfungua bendeji, mtu wa kwanza kumwona alikuwa wifi yake, Metuavaine, mke wa kaka yake.

"Wifi," Mama Ngapoko alisema, "kumbe umezeeka hivi."

"Nilikuwa nimejificha kwako," Metuavaine akajibu. "Sasa nitakwenda wapi?"

Nesi aliyekuwa akitafsiri maneno ya daktari aliwaambia wagonjwa wote kwamba wametolewa dirisha chakavu na kuwekewa jipya, na dirisha hili halishiki kutu wala halinyauki. Basi kijijini wakaitwa watu wa madirisha. Mama Ngapoko akalichukua lile neno akatembea nalo. Mtu akilalamika mgongo, akilalamika goti, yeye anasema, "Pole. Mimi langu la kiwandani, halizeeki."

Na alikuwa na sababu ya kujivunia, maana jicho lile lilikuwa ndilo kazi yake. Katika nyumba ya kina mama ya kijiji chao, Areora, Ngapoko ndiye aliyekuwa mkataji. Katika kila kisiwa wanashona tivaivai, yale mashuka makubwa ya maua yanayotandikwa harusini na kuwafunika wafu, lakini si kila mwanamke anashika mkasi. Kitambaa kinakunjwa mara tatu mpaka kinakuwa tabaka nane, pembetatu nene kama kitabu cha nyimbo. Wengine wanachora kwanza kwa chaki. Ngapoko hakuchora. Aliutazama mkunjo kwa muda, akaingiza mkasi, na ua likatoka mle ndani kana kwamba lililala likisubiri. Sifa ya mkataji ni moja tu: shuka lifunguke zima, kipande kimoja, kutoka katikati hadi ncha ya mwisho. Kila ua limeshikwa na shina lake kwa shingo nyembamba, upana wa kidole kidogo. Ukiikata shingo hiyo umeikata mara nane.

Kuna desturi pia. Mkataji hafungui alichokata. Akimaliza anaweka mkasi mezani, anatoka nje, ananawa mikono kwenye beseni, anakunywa kahawa ya tui iliyofunikwa kwa kisahani. Waliobaki ndani wanafungua mkunjo, wanalitandaza ua juu ya kitambaa cheupe, wanalibana kwa pini, ndipo wanamwita: njoo uone. Kwa miaka mingi aliyefungua mikunjo ya Ngapoko alikuwa Metuavaine. Yeye hutumia mkono wa kushoto, na mishono yake yote hulala kuelekea kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo. Kila mwanamke pale ana mshono wake. Wanajuana kwa mishono kama watu wengine wanavyojuana kwa sauti.

Ukungu ulianza polepole, na Mama Ngapoko aliulaumu kila kitu isipokuwa dirisha. Kwanza aliwalaumu wanaotengeneza uzi, kwamba siku hizi uzi una manyoya. Akaulaumu moshi wa majani yanayochomwa. Taa za pikipiki usiku zikaota ndevu. Kanisani Jumapili, mchungaji alisimama mbele ya ule ukuta uliopakwa chokaa akayeyuka, ikabaki tai yake peke yake ikihubiri. Alidhani ni usingizi.

Asubuhi alianza kutunga uzi kwa kujaribu mara mbili. Baadaye mara sita. Akaondoka kizingitini akahamia uani penye jua, na huko kukawa kubaya zaidi, maana kadiri mwanga ulivyozidi ndivyo weupe ulivyozidi. Ilikuwa kama kutazama kupitia mvuke wa sufuria. Akaacha sindano namba tisa akachukua namba saba. Miezi michache mbele akachukua namba tano, ambayo ni ya kushonea magunia. Hakumwambia mtu. Alichomeka sindano yake kifuani, akasema, "Haya, kumekucha."

Akaendelea kukata. Mwaka huo alikata mashuka manne. La kwanza lilikuwa la nyumba ya mchungaji. La pili lilikuwa la kijana aliyenyolewa nywele kwa mara ya kwanza, kwa sherehe, kama ilivyo desturi ya kisiwa. La tatu alimkatia Mama Akekaro, yule asiyeacha jambo lipite bila kulifanyia mzaha. La nne alijikatia mwenyewe. Zambarau juu ya nyeupe, mayungiyungi manane. Hilo lilikuwa la kwenda nalo kaburini. Alisema mbele ya wote kwamba siku atakayolazwa sebuleni, wageni wakimwinamia, atakuwa chini ya kitu kisichokatika popote. Yote manne alipoitwa kuja kuona alikuta yametandikwa, yamebanwa, mazima. Alipitisha kiganja juu yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha ikaja siku ya mvua, mwezi Machi. Binti wa mwisho wa Metuavaine alikuwa anaolewa, na shuka lilikuwa jekundu. Metuavaine mwenyewe hakuwepo. Meli ilikuwa imeingia asubuhi, naye alikuwa ameteremka bandarini kupokea masanduku ya harusi. Ngapoko alikata kwa muda wa saa nzima, akaweka mkasi, akainuka kwenda nje kama kawaida, akakuta baraza yote ni maji, kahawa yake imejaa mvua. Akarudi akakaa kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyethubutu kumwambia atoke, na hakuna aliyetaka kufungua. Waliukazia macho mkunjo. Mwishowe Mama Akekaro akashika ncha moja, mwenzake akashika nyingine, wakainua na kukung'uta.

Maua yakadondoka.

Yalidondoka yote manane, moja baada ya jingine, mekundu, yakatua sakafuni kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayefunga kitabu. Mikononi mwa wanawake yalibaki mashina matupu. Ngapoko hakuyaona vizuri, aliona wekundu ukishuka, lakini alielewa. Alishika ukingo wa benchi. Alingoja mtu aseme neno. Alimngoja Mama Akekaro atoe kichekesho chake, kibaya chochote kile. Mama Akekaro alinyamaza. Hapo ndipo Ngapoko alipojua ukubwa wa jambo, kwa sababu tangu wakiwa wasichana hakuwahi kumsikia yule mwanamke akinyamaza.

Metuavaine akaingia amelowa chapachapa. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti, akaokota maua yote manane, akayapanga moja juu ya jingine, ncha zote upande mmoja, kwa sekunde chache. "Mkasi umepata unyevu," alisema. "Hali ya hewa hii." Ngapoko aliona kile kivuli chekundu kikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akashangaa kidogo haraka ile. Ilikuwa haraka ya mtu anayejua kazi. Lakini alikuwa na aibu yake ya kutosha, hakuifikiria zaidi.

Madaktari waliporudi mwezi Juni, alikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Safari hii daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi. Alimpima kwa taa, akapima tena, akamwita mwenzake naye akachungulia. Kupitia nesi alieleza kwamba mara nyingi watu waliowekewa kioo huota ukungu kwenye ngozi nyembamba iliyo nyuma ya kioo. Hiyo anaitoboa kwa mwanga, dakika tano, mtu anakwenda zake kula.

"Basi toboa," Mama Ngapoko alisema.

"Yako siyo ngozi, Mama. Ngozi yako ni safi. Kilichoshika ukungu ni kioo chenyewe."

Nesi alilazimika kurudia mara mbili. Mama Ngapoko alimtazama nesi, akamtazama daktari, yaani alitazama weupe mahali sauti zao zilipotokea.

"Kioo kimetoka kiwandani," alisema. "Kinaotaje ukungu?"

"Kimeingia chokaa ndani. Punje ndogo ndogo sana. Inatokea mara chache, kwa baadhi ya vioo, na anayewekewa hana kosa."

"Chokaa. Kama ile ya kanisani."

"Inafanana na hiyo."

Uzee aliuelewa. Alishaona vitu vikioza, matunda, paa, meno yake, mume wake aliyezikwa chini ya saruji mbele ya nyumba. Lakini kile kioo alikiweka upande wa pili, pamoja na vitu visivyooza, na kwa miaka mitatu alikuwa amekiegemea. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba mkasi umepata homa.

"Tangu lini?" aliuliza.

Daktari alisema kwa jinsi ulivyoenea, ni mwaka na zaidi. Kwa mwaka huo, alisema, isingewezekana kuona kitu chembamba.

"Hapo umekosea," Mama Ngapoko akasema, na sauti yake ikapata uhai. "Mimi ni mkataji. Ndani ya mwaka huo nimekata manne, na yote yamefunguka mazima. Nimeharibu moja tu, la juzi."

Nesi akatafsiri. Daktari akacheka kwa upole, akasema kama ni hivyo basi mikono yake ina macho.

Maneno hayo yalimnyanyua. Alitoka nayo zahanati, akawaambia wote waliokaa kwenye benchi: daktari amesema mikono yangu ina macho. Na alipoelezwa kwamba kukitoa kioo na kuweka kingine ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza, na kwamba jicho ni hilo hilo moja, likiharibika hakuna lingine, alisema watoe. Metuavaine alimsihi afikiri. Giza la ukungu, alisema, si sawa na giza kamili, angalau sasa anajua mchana na usiku. Ngapoko akajibu kwamba mikono yake ina macho lakini imechoka kufanya kazi peke yake.

Akapelekwa hospitali ya Oklandi, huko Nyuzilandi, anakoishi binti yake Tekura. Wauguzi wa kule nao akawaambia habari ya mikono. Wiki ya pili, baada ya kubadilishwa kioo, walimfungua bendeji, akaona mpasuko kwenye rangi ya dari na inzi mmoja. Akaomba kile kioo cha zamani. Walimpa ndani ya kichupa. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha la wodi, akaona kitu alichokuwa akitazama kupitia ndani yake: kiduara kidogo, cheupe, kama gamba la samaki aliyechemshwa. Akakifumbata na kujikunyata. Tekura alidhani mama yake anasikia baridi akamletea blanketi.

Asubuhi ya kwanza nyumbani alikaa kizingitini na sindano namba tisa. Uzi ulipita mara ya kwanza. Alikuwa na furaha mpaka akasahau kusema kumekucha. Akaingia chumbani, akafungua kasha, akatoa shuka lake la mayungiyungi, maana hakuwahi kuliona kwa haki. Akalitandika kitandani, akafungua madirisha yote mawili, akainama.

Lilikuwa zuri. Alifuata shina kwa kidole kutoka katikati, taratibu, akafika kwenye shingo ya ua la kwanza. Hapo kidole kikasimama. Juu ya shingo palikuwa na mstari wa tarizi, kama mshipa wa jani. Yeye hakuweka mshipa hapo. Aliusogeza uzi kwa ncha ya sindano, akaona chini yake kitambaa kimekutana na kitambaa. Ua lilikuwa limekatika, likarudishwa, likashonwa. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. Alizunguka kitanda kizima kwa magoti. Maua manane, shingo nane, na kila mshono umelala kuelekea kushoto.

Akalikunja shuka, akalirudisha kashani.

Mchana alikwenda kwa mke wa mchungaji akasema amekuja kusalimia. Aliomba kuonyeshwa chumba. Shingo mbili zilikuwa zimeshonwa, kushoto. Akaenda kwa Mama Akekaro. Mama Akekaro alisimama katikati ya mlango wa chumba cha kulala akaongea habari za samaki bila kupumua, na Ngapoko, kwa jicho lake jipya, akaona juu ya bega la mwenziwe kitanda na shuka na tarizi mahali pasipostahili tarizi. Akaaga. Mama Akekaro akabaki na samaki wake mdomoni.

Alhamisi alikwenda nyumba ya kina mama na shuka lake kwapani. Walikuwa wamemwandalia: rukau, yale majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, nyama ya kopo, viazi vya rangi ya waridi, na wimbo. Mtu akasema dirisha jipya limefika, tuvute mapazia, tuna madoa mengi usoni. Wakacheka, naye hakucheka. Mezani palikuwa na kitambaa cha bluu kimeshakunjwa, na juu yake mkasi wake.

Alilitandaza shuka juu ya mikeka, akaweka kidole kwenye shingo moja.

"Wifi. Mshono huu wa nani?"

"Unajua wa nani," Metuavaine akasema.

"Mangapi?"

"Yote manne."

"Yalidondoka yote."

"La mchungaji yalidondoka mawili tu," Metuavaine akasema. "Hapo ulikuwa bado unaona kidogo. Kwa mashuka mengine yalidondoka yote." Alikuwa anakunjakunja kitambaa cha kufutia jasho. "Ulikuwa unatoka nje kunawa. Sisi tunaokota. Usiku nashona nyumbani."

"Na hili langu. Umenisikia nikisema siku ile. Ulikuwa umesimama hapo."

"Nilikuwa nimesimama hapa, na maua yako yalikuwa ndani ya kikapu changu."

Mama Ngapoko akageuka kwa wengine, mmoja mmoja. Sasa aliziona nyuso zao kila mkunjo, na kila uso ulikuwa unajua.

"Mlikuwa mnanicheka?"

"Hakuna aliyecheka, Mama," Mama Akekaro akasema. "Hata mimi."

"Ningekuambiaje?" Metuavaine akasema. "Wewe ndiye mkataji. Nani anamwambia mkataji? Tukisema, unaweka mkasi chini. Ukiuweka chini unabaki na nini, Wifi? Sindano ya magunia?"

Basi hata sindano walikuwa wameiona. Mama Ngapoko aliishika kifuani, kana kwamba mtu anataka kuichukua.

"Nimewaambia wazungu wa Oklandi kwamba mikono yangu ina macho," alisema polepole. "Nimewaambia madaktari. Nikaweka jicho langu la mwisho mezani kwa neno hilo. Kumbe macho yalikuwa mkono wako wa kushoto."

Metuavaine akaelekeza mkono kwenye kitambaa cha bluu. Alisema kwa sauti ya chini, "Kata hili. Jicho limepona. Kata, yaishe."

Wote walidhani atakataa. Akakaa, akauvuta ule mkunjo wa bluu, akautazama kama zamani. Kisha akaingiza mkasi. Alikata kwa saa nzima, na hakuna aliyegusa chakula. Alipomaliza hakutoka. Aliinuka akaufungua mkunjo mwenyewe, kwa mikono yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona katika nyumba ile, akaushika kwa ncha mbili na kuukung'uta mara tatu kwa nguvu.

Hakikudondoka kitu. Shuka lilining'inia zima, shingo nane, nyembamba kuliko alizowahi kukata.

Alilitandaza juu ya kitambaa cheupe. Akaweka mkasi juu yake, vishikio vikimwelekea Metuavaine, kama mtu anayekabidhi. Lile shuka la mayungiyungi aliliacha kwenye mikeka lilipokuwa, na katikati yake akaweka kile kichupa chenye kioo cha zamani. Kisha akatoka nje kama mkataji anavyotoka.

Walishusha pumzi. Wakasema ameshapoa, mwacheni anawe, mwacheni anywe kahawa yake. Mama Akekaro akapata ulimi wake, akasema dirisha hilo jipya lina meno. Walibana maua kwa pini, kwa makini kuliko siku zote, pembe kwa pembe. Walipomaliza Metuavaine alikwenda mlangoni kumwita.

"Wifi, njoo uone."

Beseni lilikuwa limejaa, maji yametulia. Kahawa ilikuwa kwenye ukingo wa baraza, kisahani juu yake. Alikiinua kisahani. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka juu, na tui limeganda. Aliita tena, akashuka ngazi, akaita kuelekea barabarani.

Wakakiacha kikombe pale mpaka jioni, kimefunikwa. Hakurudi.